VIUNGO VYA MWILI NA VIUNGO BANDIA: SOMO MOJA, VITUO SITA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwaka huu mwanafunzi mwenzetu mmoja alirejea madrasa baada ya kukatwa mguu chini ya goti, akiwa amevaa mguu wa bandia. Wenzake walimpokea vizuri, lakini walikuwa na maswali mengi ambayo waliona haya kuyauliza. Yeye naye alikuwa na maswali yake: Je, mguu huu nautia udhu? Je, nisimame safu ya nyuma? Nasi walimu tuliona kwamba maswali haya hayawezi kujibiwa na somo moja peke yake. Mengine ni ya fiqhi, mengine ya sayansi, mengine ya hisabati, na mengine ni ya adabu tu.

Ndipo tulipopanga somo la vituo. Wanafunzi 30 waligawanywa katika makundi sita ya watu watano watano. Tuliweka meza sita, kila meza na somo lake, na kila kundi lilikaa dakika 15 kisha likahamia meza inayofuata. Kwa hiyo, kwa dakika 90 kila mwanafunzi alipita vituo vyote. Tunaliandika somo hilo hapa ili waliokuwepo wakumbuke, na wasiokuwepo walifanye nyumbani au katika madrasa zao.

KITUO CHA 1: SAYANSI – MKONO NI WENZO

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206 na misuli zaidi ya 600. Mfupa peke yake haujongei. Msuli ndio unaouvuta, na kiungo ndicho kinachouruhusu upinde. Shuleni tumejifunza kwamba wenzo una sehemu tatu: egemeo, mzigo na jitihada. Zote tatu zimo katika mkono wako. Shika jiwe kiganjani na ukunje mkono. Kiwiko ni egemeo, jiwe ni mzigo, na msuli wa mbele ya mkono wa juu, uitwao bisepsi, ndio unaotoa jitihada. Kwa kuwa jitihada iko kati ya egemeo na mzigo, huu ni wenzo wa daraja la tatu.

Sasa simama kwa ncha za vidole vya miguu. Hapo egemeo ni mbele ya wayo, uzito wa mwili uko katikati, na msuli wa shavu la mguu unavuta kisigino kwenda juu. Huo ni wenzo wa daraja la pili, kama toroli la mchanga.

Jambo la kukumbuka ni hili: msuli huvuta tu, hausukumi. Kwa sababu hiyo misuli hufanya kazi kwa jozi. Bisepsi hukunja mkono, na trisepsi iliyo nyuma huunyoosha. Mmoja ukikaza, mwenzake hulegea. Wafikirieni watu wawili wanaoutumia msumeno mrefu wa kupasulia mbao, kila mmoja akivuta kwa zamu yake.

KITUO CHA 2: HISABATI – BEI YA WEPESI

Kanuni ya wenzo ni kwamba jitihada mara umbali wake kutoka kwenye egemeo ni sawa na mzigo mara umbali wake. Tuchukulie kwamba msuli umeshika mfupa sentimita 4 kutoka kiwikoni, na jiwe la kilo 1 liko sentimita 32 kutoka hapo. Tugawe 32 kwa 4, tunapata 8. Yaani, tukiuacha uzito wa mkono wenyewe, msuli unavuta kwa nguvu ya kuinua kilo 8 ili wewe ushike kilo 1!

Mwanafunzi mmoja akauliza, “Kwa nini basi msuli usishike mbali zaidi, tupate nafuu?” Swali zuri. Jibu liko katika hesabu hiyo hiyo. Msuli ukijikunja sentimita 1, kiganja kinasogea kiasi cha sentimita 8. Tunatoa nguvu, tunapata mwendo na wepesi. Bila ya hivyo tusingeweza kurusha mpira wala kupeleka tonge kinywani kwa urahisi.

Kisha kila mwanafunzi alipimwa kwa futi ya fundi cherehani kutoka goti hadi kifundo cha mguu, na kipimo kikaandikwa pamoja na tarehe. Muhula ujao tutapima tena, inshaallah. Mguu wa mtoto hukua, lakini wa bandia haukui. Mguu mzima ukirefuka sentimita 2 na wa bandia ukabaki vile vile, nyonga hukaa upande, mwendo huharibika na mgongo huanza kuuma. Mzazi anayejua jambo hili hatashangaa kuambiwa kwamba kiungo kinahitaji kurekebishwa au kubadilishwa kila mtoto anapokua.

KITUO CHA 3: DINI NA KEMIA – PUA YA DHAHABU

Wengi hudhani kwamba viungo bandia ni habari mpya isiyo na mahali katika vitabu vyetu. Sivyo. Imepokewa katika vitabu vya Abu Daud, Tirmidhi na Nasai kwamba Swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, lakini ikamletea harufu mbaya. Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie pua ya dhahabu.

Wanafunzi wanajua kwamba dhahabu ni haramu kwa wanaume kuivaa kama pambo. Hapa ikaruhusiwa, kwa kuwa palikuwa na haja na wala halikuwa pambo. Kutokana na Hadithi hii wanavyuoni wamejadili pia kufunga meno kwa dhahabu.

Ama kwa upande wa kemia, tuliweka mezani pete ya fedha iliyofifia na kuwa nyeusi. Fedha hushikana na salfa iliyomo hewani na katika jasho, ikageuka rangi. Dhahabu haipati kutu, wala haishikani kwa urahisi na hewa au majimaji ya mwili. Hadi leo watengenezaji wa vifaa vinavyowekwa mwilini huanza na swali hilo hilo: Je, kitu hiki kitaharibika mwilini, na je, kitaudhuru mwili?

KITUO CHA 4: HISTORIA NA JIOGRAFIA – KUTOKA MISRI HADI MOSHI

Mezani palikuwa na ramani na uzi mwekundu. Wanafunzi waliunganisha sehemu tatu.

Ya kwanza ni Misri. Karibu na Luxor kilipatikana kidole gumba cha mguu kilichotengenezwa kwa mbao na ngozi, kikiwa kwenye maiti ya mwanamke iliyohifadhiwa. Kinakadiriwa kuwa cha kati ya miaka ya 950 na 710 K.K. Watafiti wa Manchester, Uingereza, walitengeneza mfano wake na kuwavisha watu wasio na kidole gumba, wakaona kwamba kinamsaidia mtu kutembea. Kwa hiyo huenda hakikuwa pambo la maziko tu.

Ya pili ni Jaipur, India. Mwaka 1968 fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walitengeneza wayo wa mpira uliokuja kujulikana kama mguu wa Jaipur. Nyayo za bandia zilizokuwepo zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaovaa viatu na kukaa kwenye viti. Wahindi wengi walikuwa wakitembea peku shambani, wakichuchumaa na kukaa chini. Wayo mpya wa mpira ulipindika pande zote, na haukuhitaji kiatu. Hebu fikirini faida yake kwa mtu anayevua viatu mlangoni mwa msikiti, akasujudu na kukaa tahiyatu!

Ya tatu ni hapa kwetu. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Kijana anayependa sayansi na kazi ya mikono ajue kwamba hii ni kazi inayosomewa, na kwamba ina thawabu.

KITUO CHA 5: KAZI ZA MIKONO – KIGANJA CHA BOKSI

Vifaa: boksi, mkasi, mirija ya soda, uzi, gundi na mipira ya kufungia noti.

Weka kiganja juu ya boksi, kichore, kisha kikate. Kunja kila kidole penye viungo vyake. Kata mrija vipande vifupi na uvigandishe upande wa ndani wa vidole, kipande kimoja kati ya kila kiungo na kingine. Gandisha uzi kwenye ncha ya kidole, uupitishe ndani ya vipande vyote mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ukivuta uzi, kidole kinakunja. Ukiuachia, hakirudi vizuri. Gandisha basi mpira nyuma ya kidole, nacho kitanyooka chenyewe. Hapo mtakumbuka Kituo cha 1: uzi huvuta tu kama msuli, na mpira ni mwenzake.

Hii si michezo tu. Richard van As, seremala wa Afrika Kusini, alipoteza vidole kwa ajali ya msumeno mwaka 2011. Akashirikiana na Ivan Owen wa Marekani, wakatengeneza kiganja cha plastiki kinachofanya kazi kwa nyuzi: mtu akikunja kifundo cha mkono, nyuzi zinavutika na vidole vinafumba. Mwaka 2013 waliiweka michoro yake wazi ili watu wengine wautengeneze mkono huo bila ya kulipia michoro.

KITUO CHA 6: LUGHA – TUNASEMAJE?

Neno “kiungo” limetokana na “kuunga”. Ndilo jina la mkono au mguu, ndilo jina la mahali mifupa inapokutana, na ndilo jina la kitu kinacholeta ladha katika mchuzi. Neno “bandia” nalo hutumika kwa noti isiyo halali. Wanafunzi wakabishana: Je, mguu unaombeba mtu mpaka msikitini ni wa uongo kama noti ya bandia? Wakakubaliana kwamba neno ni moja, lakini noti bandia humdanganya mtu, na mguu wa bandia humtumikia.

Kisha tukatazama maneno kiwete, kipofu na kiziwi. Mmoja akasema ni matusi kwa sababu yameanza na “ki” kama kiti na kisu. Mwenzake akamjibu kwamba kijana na kiongozi pia yameanza na “ki”, na hakuna anayeona ni tusi. Basi ubaya hauko kwenye herufi. Ubaya ni kumwita mtu kwa kile alichopungukiwa wakati ana jina lake. Wazee wetu walisema: hujafa hujaumbika. Ajali ya bodaboda, kisukari au kuumwa na nyoka havimchagui mtu.

MAJIBU YA MASWALI YA MWENZETU

Kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, inayofuatwa na wengi katika mwambao wetu:

1. Sehemu ya kuoshwa mguuni katika udhu ni wayo pamoja na vifundo viwili. Aliyekatwa mguu juu ya vifundo, faradhi ya kuosha mguu huo imemwondokea, na ni vizuri aoshe mwisho wa sehemu iliyobaki. Ikibaki sehemu yoyote ya mahali pa faradhi, sehemu hiyo lazima ioshwe.

2. Mguu wa bandia wenyewe si kiungo cha udhu, hauoshwi kwa ajili hiyo. Lakini uwe tohara, kama nguo ya kusalia.

3. Katika josho la janaba, uvuliwe ili maji yafike kwenye ngozi. Mwenye kidonda au dhara amuulize sheikh wake.

4. Anayeweza kusimama asimame. Asiyeweza asali kwa kukaa, na katika tahiyatu akae anavyoweza. Hakuna safu ya nyuma iliyotengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Akiwahi, safu ya mbele ni haki yake.

KWA WAZAZI NA WALEZI

Kigutu kioshwe kila siku kwa maji na sabuni, kisha kikaushwe vizuri. Tazameni ngozi kila jioni. Wekundu usioondoka, malengelenge au kidonda ni dalili kwamba kiungo kinabana au hakikukaa sawa. Mtoto asilazimishwe kukivaa akiwa na kidonda, bali apelekwe kwa fundi au daktari. Soksi ya kigutu ifuliwe kila siku. Na mtoto akisema anaumia, asiambiwe kwamba anadeka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jiwe la kilo 1 likishikwa sentimita 16 kutoka kiwikoni badala ya 32, msuli utavuta kwa nguvu ya kilo ngapi?
2. Kwa nini misuli hufanya kazi kwa jozi?
3. Taja sababu ya kisheria na ya kikemia ya kutumika pua ya dhahabu.
4. Tembea kutoka nyumbani kwenu hadi madrasa. Taja sehemu tatu ambazo mwenye mguu wa bandia atapata tabu, na moja unayoweza kuirekebisha wewe mwenyewe.

Swali la nne ndilo tunalolitilia mkazo. Imepokewa kutoka kwa Bi Aisha (r.a.), katika Sahihi Muslim, kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na miongoni mwa mambo ya kheri yanayohesabiwa kwa ajili ya viungo hivyo ni kuondoa jiwe au mwiba katika njia ya watu. Wiki iliyofuata baada ya somo hili, kundi moja lilikuja mapema, likaondoa mawe na kusawazisha ngazi ya mlango wetu kwa saruji. Hawakuagizwa na mwalimu. Mwenzetu sasa hupanda ngazi hiyo bila ya kushikwa mkono.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tutumie viungo vyetu katika kheri, na atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.