Tabia na Tendo: Dhana ya Uadilifu Njoro
Neno tabia, lenye asili ya Kiarabu, hutaja maumbile ya mtu na vilevile mazoea yake. Je, uadilifu huzaliwa au huzoewa? Mwaka wa 2019, mwalimu Peter Tabichi wa Shule ya Keriko, Njoro, katika Nakuru, alituzwa dola milioni 1 mjini Dubai. Wengi walishangilia tuzo. Hoja yenyewe iko kwingine. Kabla ya kamera kufika, mtawa huyo Mfransisko alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwafaa wahitaji. Tendo moja lingeitwa ukarimu; lililorudiwa mwezi baada ya mwezi ndilo tabia. Hata hivyo, mtawa hana watoto wa kulisha. Mzazi anayedaiwa karo apimwe kwa asilimia ngapi?