SOMO LA UFUNDI: KUBADILI MKANDA WA TAIMINGI NYUMBANI



Katika mikutano yetu hapa Kampala ugomvi mmoja hurudi kila mara. Injini ya teksi imekufa njiani. Tajiri anasema dereva ameiua, dereva anasema gari lilikuwa limechoka. Mwenzetu mmoja alitakiwa kulipia injini nzima, akawa anaongeza pesa juu ya hesabu ya kila siku kwa miezi minane. Tulipoifungua injini ile tulikuta mkanda wa taimingi umekatika. Ulikuwa umelowa oili na kupasuka-pasuka, wala hapakuwa na mtu aliyejua ulifungwa lini. Kwa kuwa hapakuwa na maandishi, mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda.

Kwa hiyo somo la leo lina mambo mawili: kazi yenyewe, na kumbukumbu ya kazi.

Mkanda huu hufanya nini?

Krenki huzungushwa na pistoni. Kamshafti hufungua na kufunga valvu. Viwili hivi lazima viende pamoja: krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Mkanda wa mpira wenye meno ndio unaoviunganisha. Katika injini ya dizeli kama 2L, 3L na 5L, ambazo tunazijua sana katika HiAce na Hilux, mkanda huo huo huzungusha pia pampu ya dizeli.

Katika dizeli nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo mno. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama huku pistoni zikiendelea kupanda. Zinagonga valvu zilizobaki wazi, valvu zinapinda, na mara nyingine kamshafti yenyewe huvunjika. Ndiyo maana kitu cha mpira huua injini ya chuma.

Si kila injini ina mkanda. Injini za petroli za 1RZ na 2RZ hutumia cheni. Vivyo hivyo 1NZ na 1ZZ zilizomo katika magari mengi madogo. Basi kwanza tusome namba ya injini.

Wakati wa kubadili

Kwa jamii ya 2L na 3L kipimo cha kawaida ni kilomita 100,000. Katika magari mengi ya aina hiyo taa yenye maandishi T-BELT huwaka wakati huo. Lakini tusiitegemee taa peke yake, maana balbu huungua, na wengine huiondoa. Tena magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini gari la miaka 14 bado linaweza kuwa na mkanda wa zamani. Gari likinunuliwa bila maandishi ya kuaminika, tuhesabu kwamba mkanda wake umekwisha.

Kununua

Soko la Kisekka lina kila kipuri, kizuri na kibaya. Tusinunue kamwe mkanda uliotumika, hata ukionekana mpya. Twende na namba ya injini, na kabla ya kufunga tulinganishe mkanda mpya na wa zamani: upana, urefu, umbo la meno na idadi yake. Mkanda usikunjwe wala kupindwa kwa nguvu, kwa sababu nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana.

Hatua za kazi

1. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe mawe, injini iwe imepoa. Tufungue waya hasi wa betri. Anayeingia chini ya gari asitegemee jeki peke yake.

2. Tuondoe mikanda ya feni na vyote vinavyozuia njia.

3. Kwa spana, tuzungushe krenki kwa upande inaozungukia siku zote, mpaka alama ya puli ikutane na alama ya injini. Hapo pistoni ya kwanza iko juu kabisa.

4. Tufungue bolti ya puli. Imekazwa sana. Tusitumie stata kuilegeza; spana ikiteleza huvunja mkono. Puli itolewe kwa kifaa cha kuvutia, isipigwe nyundo. Ikiwa krenki imesogea, tuirudishe kwenye alama.

5. Tufungue kifuniko. Alama za gia ya kamshafti na ya pampu nazo ziwe mahali pake. Kama haziko, tuzungushe krenki mzunguko mmoja zaidi, tutazame tena. Tusiendelee kabla alama zote hazijakubaliana.

6. Tulegeze kikaza mkanda, tuutoe mkanda. Gia ya pampu au ya kamshafti inaweza kuruka kidogo, maana springi zinaisukuma. Vidole viwe mbali. Tangu hapo tusizungushe krenki ovyo.

7. Tuzungushe beringi ya kikaza kwa mkono. Ikilia au kukwaruza, ibadilishwe. Tukiona oili, sili inavuja: ibadilishwe sasa, kwa kuwa oili huozesha mpira. Mkanda mpya usioshwe kwa petroli.

8. Tuvishe mkanda mpya. Upande usio na kikaza uwe umenyooka bila kulegea. Ulegevu wote uende upande wa kikaza. Tuache springi ivute.

9. Tuzungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha tutazame alama zote upya. Njiani tukikuta kizuizi kigumu, TUSIMAME. Hiyo ni pistoni imegusa valvu. Alama zikikubaliana, tukaze kikaza.

10. Turudishe kifuniko na puli. Bolti ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha kitabu cha mtengenezaji. Asiye na kitabu wala spana hiyo amwite fundi mwenye navyo. Hakuna aibu katika kuuliza. Aibu ni kuua injini ya riziki.

Kumbukumbu

Tuandike ndani ya daftari na juu ya kifuniko: tarehe, kilomita, jina la fundi. Risiti ya mkanda ihifadhiwe. Tajiri atie sahihi. Dereva anayekabidhiwa gari aulize daftari hilo kabla ya kupokea funguo. Kama halipo, aandike siku hiyo hiyo kwamba mkanda haujulikani umri wake, na nakala moja ampe tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ahakikishe vyombo vya kazi ni salama. Lakini sheria humsaidia zaidi mwenye maandishi mkononi.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kwa nini krenki huzungushwa mara mbili kabla ya kukaza?
2. Katika kituo chetu, ni magari mangapi yenye daftari?
3. Tawi letu linaweza kununua spana moja ya kupimia nguvu ikatumiwa na wanachama wote?

Kidole kimoja hakivunji chawa.