Dondoo muhimu: Vyombo vya kuwekea ulezi wa mbege

Ukinunua ulezi kwa gunia ili uoteshe kimea mwenyewe, tayarisha vyombo kabla mzigo haujafika.

• Pima ukavu. Tia kiganja cha ulezi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha acha kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, anika tena.

• Akiba ya miezi: mfuko wa PICS, wenye tabaka mbili za nailoni ndani ya kiroba. Kamua hewa na funga kila tabaka peke yake. Fukusi hufa kwa kukosa hewa.

• Matumizi ya kila wiki: ndoo ya lita 20 iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, yenye mfuniko unaobana. Iliyowahi kubeba rangi, mafuta ya taa au dawa ya shamba, usiiguse.

• Kimea kikavu ni chepesi kuliko nafaka yenyewe, hivyo kilo zilezile hudai nafasi kubwa zaidi. Kihifadhi kikiwa punje. Saga siku ya kupika.

• Panya hutoboa nailoni. Weka mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, au ndani ya pipa la bati.