Bomba la Mserereko: Hesabu Msuguano Kabla ya Kununua

Penye mlima kama Hanang, unaozidi mita 3,400, ni rahisi kuamini kwamba maji ya mserereko yatajiendea yenyewe hadi kwenye tenki la kijiji cha Endasak. Kimo kipo, ila msuguano ndani ya bomba hukila njiani.

Tuchukue mfano. Chanzo kiko mita 60 juu ya tenki, bomba lina kilomita 3, zinahitajika lita 2 kwa sekunde. Kanuni ya Hazen-Williams ni hii:

h = 10.67 × L × Q^1.852 ÷ (C^1.852 × d^4.87)

h ni kimo kinacholiwa na msuguano, L urefu wa bomba na d kipenyo chake cha ndani, zote kwa mita; Q ni mtiririko, kwa mita za ujazo kwa sekunde. Lita 2 ni 0.002. C ni kipimo cha ulaini wa bomba; la plastiki chukua 140. Kipenyo cha ndani kikiwa milimita 50, kila kilomita inakula mita 24.6 za kimo. Kilomita 3 zinadai 74, nawe unazo 60. Maji yatafika, lakini lita 1.8 hivi tu, tena yakiwa hayana presha yoyote iliyobaki.

Kwa milimita 75, kilomita moja inakula mita 3.4 tu. Bomba lote kuwa nene kiasi hicho ni kutupa fedha za kijiji. Changanya: milimita 75 kwa kilomita 1.1 za juu, 50 kwa 1.9 zinazofuata. Zitaliwa mita 50, zibaki 10 za kuingilia tenkini. Nene likae juu ili presha isiishe mapema. Kisha kagua kila kilima njiani, kwa sababu kimo cha presha kikishuka chini ya usawa wa kilima, hewa hukusanyika na maji husita.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote liko dukani. Bomba la plastiki la HDPE huuzwa kwa kipenyo cha nje. La milimita 63, PE100 daraja la PN 10 (la kuhimili baa 10), ndani lina 55.4 tu. Ukipigia hesabu 63, msuguano halisi utakaribia mara mbili ya ulioandika. Soma unene wa ukuta, uutoe mara mbili kwenye kipenyo cha nje.

Viwiko na koki katika bomba refu hivi huongeza msuguano kidogo sana.

Daraja la bomba usilichague kwa presha ya maji yanayotembea. Koki ya tenkini ikifungwa usiku, msuguano unakuwa sifuri na mita zote 60, karibu baa 6, zinalemea sehemu ya chini. Bomba likipita korongo lililo mita 30 chini ya tenki, hapo ni baa 9.