Chotara wa Maltese na Poodle

Swali: Nimemletea mama, anayeishi fletini Nairobi, mbwa chotara wa Maltese na Poodle. Ni kweli manyoya yake hayapukutiki, kwa hiyo kumtunza si kazi?

Jibu: Hayapukutiki sana, lakini kazi inaanzia hapo hapo. Manyoya hayo hukua bila kukoma. Yasipochanwa kila siku husokotana hadi kwenye ngozi, na mnyama huumia. Anyolewe kila baada ya wiki 6 hadi 8. Meno ndiyo husahaulika, ilhali mbwa wadogo huugua fizi mapema: mpigishe mswaki kwa dawa ya meno ya mbwa, kamwe si ya binadamu. Kagua kupe masikioni na kati ya vidole. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikose. Tena, tafadhali, asishinde peke yake. Upweke humtesa sana.