Taka, Ada na Kivuko: Mkazi wa Feri Apeleke Wapi Hoja Yake?

Watu wanaokadiriwa kufikia 300,000 huvuka mlango wa Kilindini kila siku kwa feri za Likoni. Anayetembea kwa miguu hatozwi kitu; mwenye gari hulipa. Upande wa kisiwani, kati ya lango la kivuko na kituo cha matatu, pana biashara ya kila namna: viazi karai, mabuyu, madafu, mitumba, kava za simu, nyanya za mafungu. Masika yakishika, chupa na mifuko iliyolala mitaroni huteremka hadi baharini, na bamvua ikijaa, sehemu ya taka hizo hurudi ufuoni. Mwenye meza ya viazi karai na mvuvi wa Mtongwe wanaumizwa na takataka ile ile, mmoja kwa wateja wanaopita wakiziba pua, mwingine kwa nyavu zinazotoka na plastiki.

Malalamiko hayakosekani. Feri haijafika katikati ya mlango kabla mtu hajasikia kuhusu ada zilizopanda, taka zisizozolewa au taa zisizowaka. Lakini mengi ya maneno hayo huishia gatini, hayamfikii yeyote mwenye kalamu. Tangu Katiba ya 2010, mkazi amepewa njia za kuyafikisha mbele, na njia hizo zina milango maalumu na tarehe maalumu. Anayebisha mlango usiohusika, au anayefika tarehe imepita, huona kama kwamba serikali haisikii, kumbe barua yake haikuwahi kufika mezani panapoamuliwa.

Nani ameshika nini

Jedwali la Nne la Katiba linagawanya kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Upande wa kaunti pana uzoaji wa taka, masoko, leseni za biashara, taa za barabarani, barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma. Orodha hiyo hiyo inataja feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Hata hivyo, feri za Likoni zinaendeshwa na Halmashauri ya Bandari ya Kenya (KPA), ambayo ni shirika la serikali kuu. Anayesoma Katiba kwa makini atauliza imekuwaje. Ni swali halali, na wa kuulizwa ni mbunge na seneta, si karani wa soko.

Kwa hiyo chombo kikikwama au foleni ikizidi, barua iende KPA, na nakala kwa mbunge: wa Mvita kwa upande wa kisiwani, wa Likoni kwa upande wa ng'ambo. Taka zikikaa siku nyingi bila kuzolewa, barua ni ya idara ya mazingira ya kaunti, na nakala kwa mwakilishi wa wadi. Feri ya kisiwani imo katika wadi ya Ganjoni/Shimanzi. Moshi na maji machafu ya kiwanda ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Mtaro ndio mgumu. Ulio kando ya barabara kuu unaweza kuwa chini ya KeNHA au KURA, na ule wa hatua ishirini mbele ukawa wa kaunti, ilhali maji ni yale yale. Hapo iandikwe barua moja kwa wote, kila mmoja aone jina la mwenzake juu ya karatasi.

Ada haizaliwi siku ya risiti

Wachuuzi wengi huigundua ada mpya siku askari wa kaunti anapofika na kitabu cha risiti. Siku hiyo hakuna cha kujadili; askari anatekeleza sheria iliyokwisha kupita. Ada ilizaliwa miezi kadhaa nyuma ndani ya Mswada wa Fedha, na kabla haijapita palikuwa na nafasi ya kuipinga, kuipunguza au kuiwekea sharti. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Hapo ndipo choo cha umma, mtaro au taa za Feri huingia katika orodha ama hukosa. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha kila idara, huwasilishwa kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na kamati hupaswa kuzingatia maoni ya wananchi kabla ya bajeti kuidhinishwa mwisho wa Juni. Kisha Mswada wa Fedha, ule wenye ada na ushuru, hushughulikiwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupita.

Ukizipanga tarehe hizo utaona jambo ambalo halisemwi vya kutosha: kati ya Julai na Septemba, ada za mwaka huu na miradi ya mwaka ujao huwa mezani kwa pamoja. Kwa mfanyabiashara wa Feri hiyo ndiyo miezi mizito kuliko yote. Anaweza kusema kwa pumzi moja kiasi anachoweza kulipa na kitu anachotaka kufanyiwa kwa malipo hayo.

Kutowashirikisha wananchi si kosa dogo. Mnamo Aprili 2014, Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ilieleza kwamba kutimiza wajibu kwa jina tu hakutoshi. Umma lazima upewe nafasi ya kweli. Ni kweli pia kwamba kusikilizwa si sawa na kukubaliwa. Kamati inaweza kuyapima maoni na kuamua kinyume chake. Lakini lazima iyapime, na mkazi ana haki ya kuiomba ripoti ya kamati aone hoja yake ilipoishia.

Walioanza mapema na waliochelewa

Pwani ina mifano yake, na tofauti kati ya mifano hiyo ni funzo kubwa.

Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa bara wa kaunti hii, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi jirani na nyumba za watu takriban 3,000. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake aliyekuwa akinyonya alikuwa na sumu ya madini ya risasi mwilini. Aliandika barua, akaandamana na wakazi, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliitengua amri hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu miaka: mtoto aliyezaliwa kiwanda kikitoa moshi alikuwa amekwisha kuvuka utoto hukumu ya mwisho ilipotoka. Fidia haiondoi risasi ndani ya mifupa.

Jirani zetu wa Lamu walikwenda mapema. Kampuni ya Amu Power ilikuwa imepewa leseni na NEMA mwaka 2016 ijenge mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wakazi, chini ya shirika la Save Lamu, walipeleka rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo liliifuta leseni hiyo. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba mikutano na wananchi ilifanywa mwanzoni, kabla ripoti ya athari za mazingira haijakamilika. Watu waliulizwa maoni kuhusu jambo ambalo hawakuwa wameelezwa. Leseni ilifutwa kabla hata gunia moja la makaa halijachomwa.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa. Kifungu hicho kinaongeza kwamba mlalamishi halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Yaani hapana haja ya kungoja mtoto augue.

Mfano wa tatu ni wa tumbo. Mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo inayokwenda bara isafirishwe kwa reli ya SGR. Madereva, mawakala wa mizigo, mafundi na mama ntilie wa kando ya barabara waliona kazi zikiyeyuka, na mitaa ya Mombasa ikajaa maandamano ya kila Jumatatu. Sambamba na maandamano hayo kulikuwa na kesi. Novemba 2020, Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, miongoni mwa sababu ikiwa ni kukosa kuushirikisha umma. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zingerejeshwa Mombasa. Maandamano yalilifanya suala lionekane. Karatasi za mahakamani zililipa jina la kisheria. Wanaochagua moja na kulidharau jingine hukosa nusu ya nguvu yao.

Anayetaka kuandamana analindwa na Kifungu cha 37, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inamtaka mwandalizi awape polisi taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla. Hiyo ni taarifa, si maombi ya ruhusa.

Waraka wenye meno

Kikao cha maoni kinachoitishwa mchana wa siku ya kazi humgharimu mchuuzi mauzo ya siku. Ndiyo sababu maandishi yana thamani: karatasi inaweza kwenda bungeni mwenye meza akabaki mezani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti na kwa serikali ya kaunti, na inazibana ofisi husika kujibu bila kuchelewa. Ombi la bungeni huelekezwa kwa Karani wa Bunge la Kaunti.

Kinachoziangusha nyaraka nyingi ni ujumla. “Serikali itusaidie wafanyabiashara wa Feri, tunaumia” ni kilio cha haki, lakini mjumbe wa kamati hana cha kukiandika katika ripoti. Linganisha na hili: “Katika kipengele cha ada ya kila siku ya wachuuzi, tunaomba kiwango kibaki kilivyokuwa mwaka jana, na sehemu ya mapato hayo inunue mapipa ya taka kati ya lango la feri na kituo cha matatu, yazolewe kila jioni.” Hapo kuna kipengele, kiwango, mahali na saa. Kamati italazimika kusema ndiyo, hapana, au kwa nini.

Ushahidi si lazima utoke chuo kikuu. Wachuuzi kumi wakiandika kwa wiki mbili mauzo ya siku, ada waliyolipa na siku ambazo gari la taka halikupita, watakuwa na daftari ambalo ofisi nyingi hazina. Picha ziwe na tarehe. Waraka uwe na majina, wadi na saini za wote, upelekwe kwa mkono, na nakala ipigwe muhuri wa kupokewa. Muhuri huo ndio utakaozungumza miezi mitatu baadaye iwapo mtu atadai hajauona waraka. Chama cha wachuuzi kikiungana na wavuvi na waendeshaji bodaboda, hoja ya mtaro haitasomwa tena kama shida ya meza moja.

Ipo pia njia ya kura ya maoni ya kaunti, lakini inahitaji saini za asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa. Kwa pipa la taka hiyo ni nyundo ya kuulia mbu.

Kabla ya yote hayo, pa kuanzia penye gharama ndogo ni kuuliza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi la habari ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, au asiyeweza kwa sababu ya ulemavu, afisa wa habari ana wajibu wa kumsaidia ombi lake liingie katika maandishi. Akinyimwa jibu, anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ijulikanayo zaidi kama Ombudsman. Maswali ya kwanza kwa mkazi wa Feri yanaweza kuwa mepesi: gari la taka linapaswa kupita siku gani na saa ngapi, nani amepewa kazi hiyo, na ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili yake mwaka huu wa fedha.