Suruali ya Kazi: Ikague Kabla Hujauliza Bei

Gereji, saiti na shamba hula nguo. Suruali ya bei chee ikichanika baada ya wiki chache, itakubidi ununue nyingine, na hapo rahisi imeshakuwa ghali. Ukifika kwenye masoko ya mitumba kama Karume, Memorial au Gikomba, fanya hivi.

Anza na kitambaa. Inue suruali kwenye mwanga. Mwanga ukipenya magotini au makalioni, iache. Jinzi nzuri ya kazi huwa na kitambaa chenye uzito wa wakia 12 hadi 14 kwa yadi ya mraba. Sokoni hakuna mizani ya kuipima, lakini mkono utakuambia: iwe nzito, imeshikamana, isivutike. Zile zinazovutika ni za kutokea.

Igeuze ndani nje. Tafuta mishono iliyokunjwa na kupigwa safu mbili au tatu. Ivute kwa mikono miwili. Matundu ya sindano yakifunguka, irudishe.

Angalia msamba. Suruali nyingi huanza kuchanika hapo. Ijaribu: chuchumaa, kisha inua goti kama unayepanda ngazi. Ikikubana, chukua saizi kubwa zaidi, kiuno atakupunguzia fundi.

Kagua mifuko. Ukibeba bisibisi na misumari, pembe za mfuko ndizo hulegea kwanza. Ndiyo maana mwaka 1873 Jacob Davis na Levi Strauss walipata hataza Marekani ya kukaza pembe hizo kwa riveti za shaba. Kama suruali yako haina riveti, mwambie fundi azikaze pembe hizo kwa uzi.

Soma lebo. Unachomelea vyuma? Vaa pamba tupu. Poliesta huyeyuka kwa moto na kugandia ngozi. Tena usikunje pindo kwa nje, cheche zitatua humo. Kama kazi yako haina moto, mchanganyiko wa poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35 unafaa sana. Haujikunji ovyo, na ukifua jioni hukauka upesi.

Pitia kwa fundi cherehani kabla hujaivaa. Aweke viraka vya magoti kwa ndani na aongeze mshono msambani. Kama huchomelei vyuma, mwombe atumie uzi wa poliesta. Ule wa pamba huchoka haraka kwa jasho.

Ifue kwa akili. Kung'uta saruji kabla ya kuloweka. Doa la grisi lipake sabuni ya vyombo, lisugue, ndipo ufue. Jiki iweke mbali, inadhoofisha nyuzi. Igeuze ndani nje, kisha uianike kivulini.

Kuwa na suruali mbili, uzivae kwa kupokezana. Tundu likitokea, lishone siku hiyohiyo kabla halijawa mpasuko.

Mwisho, usione haya kumgeuzia muuzaji suruali kumi ili upate moja. Pesa ni yako, na jasho litakaloilowesha ni lako pia.